Bata Bukini wa Nuta Kalmanovici

Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne, mstari wa saba kutoka chini, Nuta Kalmanovici ni mwizi. Imeandikwa kwa lugha ya kisomi, yenye adabu zake, lakini ni mwizi: alibadilisha taji la fedha la kuvika gombo la Torati kwa chakula chake mwenyewe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kimetajwa chanzo: mahojiano na Z. H. Na katika mji wetu, ambao Wayahudi wake wote tunaenea kwenye basi dogo na viti vikabaki, Z. H. ni mmoja tu. Ni mimi, Zisu Haimovici, fundi redio mstaafu, bingwa wa kutia chumvi kutoka hapa mpaka Suceava.

Kitabu kilizinduliwa Februari, katika ukumbi wa jumuiya, kwa keki ya jozi na kahawa ya maji maji. Daktari Noemi Goldenthal, mwanahistoria aliyetutafiti miaka tisa kukiandika, alikuwa bado anawashukuru wafadhili wake nasi tumeshafika kurasa za mwisho. Kwetu kitabu cha historia husomwa kuanzia nyuma, kwenye orodha ya majina. Kila mtu anawatafuta wafu wake kwanza, historia itangoja. Rifca, binti wa Nuta, mwenye miaka themanini na mmoja na moyo uliopangiwa upasuaji wiki tatu mbele, alikaa mstari wa kwanza. Nilikiona kidole chake kikishuka kwenye herufi K, kikasimama. Akatabasamu. Akafungua ukurasa.

Sijapata kuona tabasamu likifa taratibu namna ile.

Hakupiga kelele. Alingoja makofi yaishe, akaja mpaka kwenye kiti changu.

"Z. H. ni nani, Zisu?"

"Rifca, dada yangu, ule ulikuwa utani. Utani wa Purimu. Wewe si unajua?"

"Mimi najua. Kitabu kinajua?"

Purimu ya mwaka sitini na tatu, basi. Sikukuu ambayo mtu ana ruhusa ya kulewa na kumdhihaki hata rabi, na rabi acheke tu. Nuta ndiye aliyekuwa mtunzaji wa sinagogi. Mwaka wa arobaini na moja, kabla askari hawajatusukuma kwenye mabehewa kutuvusha mto Dniester hadi kambi za ng'ambo, alilifukia lile taji chini ya sakafu ya mbao ya sinagogi. Aliporudi, sakafu ilikwisha kuwa kuni za mtu, na taji halipo. Miaka yote baadaye alilitaja taji lile kama wengine walivyowataja watoto wao waliobaki ng'ambo. Mimi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, glasi nne za pombe ya plamu kichwani, nikapanda juu ya kiti.

"Mnataka kujua taji liko wapi? Nuta alimpa mkulima kule ng'ambo, akapewa bata bukini! Akamla peke yake nyuma ya zizi, hata mfupa hakumwachia mbwa!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nuta naye alicheka. Hapo ndipo nilipopotea: alicheka, kwa hiyo nikarudia. Mwaka uliofuata bata akawa mbuzi. Nuta alipofariki, mbuzi akawa ng'ombe, na ng'ombe akapata jina na rangi na mguu mmoja unaochechemea. Waliojua kwamba ni utani walikwenda kaburini mmoja mmoja; waliobaki walijua hadithi tu. Daktari alipokuja na kinasa sauti chake, akanitazama kwa yale macho yake ya kusikiliza, macho ambayo hakuna aliyekuwa amenitazama nayo tangu nimzike mke wangu, nilimpa ng'ombe mzima mzima.

"Baba alicheka, ndiyo," Rifca aliniambia pale ukumbini. "Halafu akarudi nyumbani, siku mbili hakula. Mama alikuwa anamshikia kijiko kama mgonjwa."

Miaka hamsini na mitano, na mimi hilo sikulijua.

Kesho yake nilimpigia simu Daktari. "Mama, ng'oa huo ukurasa."

"Mzee Zisu, nakala zimeshakwenda. Ziko maktaba za Yerusalemu, za Berlin, za Bucharest."

"Nilidanganya."

"Lakini nilithibitisha. Nina mashahidi wengine wawili."

"Nani?"

Akanitajia. Mmoja alikuwa shemeji yangu, wa pili jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Wote hao wamelisikia mezani kwangu!" nikapiga ukelele. "Mashahidi watatu, mdomo mmoja!"

Akasema, kwa upole uliouma kuliko tusi: "Sasa nikuamini lini, mzee? Siku ile, au leo?"

Nilimwandikia barua sita. Alijibu moja: atasahihisha kitabu kikichapwa tena. Nimesoma vitabu vya namna hiyo maisha yangu yote, vya kuazima na vya kuokota, na sijaona hata kimoja kilichochapwa tena.

Nikaenda kwa Rifca. Hakufungua. Niliongea na mlango, nikalia na mlango, mpaka jirani akachungulia. Mwishowe sauti ikatoka ndani: "Usiniombe mimi. Uliyemkosea yuko kilimani. Huko ndiko uende."

Sheria yetu haina mchezo na watu wa aina yangu. Ukimchafua marehemu, ukusanye wanaume kumi wa Kiyahudi, uwasimamishe kaburini, uungame kwa sauti mbele yao. Kumi! Mji mzima ulikuwa na sita wanaoweza kupanda mlima. Niliwabembeleza watatu waje kutoka Suceava, mmoja nikamwahidi redio ya mbao niliyokataa kumuuzia miaka ishirini. Wa kumi nilimnasa langoni mwa makaburi siku ileile, mgeni wa kutoka Haifa aliyekuja kupiga picha jiwe la babu yake. Zilibaki siku mbili Rifca aingie hospitali.

Theluji ilikuwa inayeyuka. Tulizama tope mpaka vifundoni. Rifca alikuwa ameshafika, amesimama pembeni na fimbo yake, ametugeuzia mgongo.

"Nimemkosea Mungu wa Israeli," nikaanza, "na nimemkosea Nuta Kalmanovici." Hapo ikabidi nieleze kosa, na ulimi wangu, mbwa yule, hata mbele ya kaburi ukaanza kutafuta mapambo. Niliung'ata. "Hakuuza taji. Hakula bata. Nilitunga mimi, nipate kuchekesha."

Maneno machache kiasi hicho. Nikashangaa yalivyo mepesi, yasivyo na ladha.

"Eti?" akasema Froim, mmoja wa wale kumi, mikono nyuma ya masikio. "Amesemaje huyu?"

"Anaungama, Froim!" mmoja akamfokea.

"Anaunga nini? Mimi sikusikia kitu. Nisiposikia si mko tisa tu?"

Kwa hiyo nilisema tena, kwa kupayuka, mpaka kunguru wakaruka na mwanamke aliyekuwa akianika nguo kule bondeni akainua kichwa. Sikuuza... hapana, nilikosea, nikaanza upya: hakuuza! Hakula! Nilitunga mimi! Sauti ilipasuka katikati. Froim akaitikia kwa kichwa, sasa kapata.

Wanaume wakaanza kufunga makoti. Rifca akageuka, akaja polepole, fimbo ikifyonzwa na tope kila hatua, mpaka akasimama upande wa pili wa jiwe la baba yake.

"Tena," akasema.

"Rifca, umesikia. Mji mzima umesikia."

"Yule bata umemsimulia mara ngapi, Zisu?"

Nilianza kuhesabu kwa vidole, vikaniishia.

"Basi, tena."

Nilifuta pua kwa mkono wa koti, nikaanza upya. Mgeni wa Haifa aliizima kamera yake. Hakuna aliyeondoka.