Kabla Kisu Hakijapita

Profesa Mwongera alikuwa ameshawaangusha watu wawili asubuhi ile, na ilipotimia saa tano ikawa zamu ya Wanjira kutetea tasnifu yake. Sisemi mzee yule alikuwa mkatili, lakini ukimwona anavua miwani polepole, jua mambo yameharibika. Aliivua kwenye picha ya tatu.

Picha ilionyesha seli ikigawanyika. Pande mbili zilikuwa karibu kuachana, zimebaki zimeshikana kwa kishingo chembamba tu, na ndani ya kishingo hicho protini zimejizungusha kama springi. Chini yake Wanjira alikuwa ameandika kwamba protini hizo hukata utando wa seli. Miaka yake minne ya maabara pale Embu iliegemea sentensi hiyo.

"Zinakata," Profesa akasema. "Ukikata mfuko uliojaa maji, kunatokea nini?"

"Maji yanamwagika, Profesa."

"Basi mbona seli haimwagiki?"

Jibu alikuwa amelisoma, tena si mara moja, lakini sasa limemponyoka. Kwenye viti vya nyuma Mukiri, rafiki yake wa maabara, aliinamisha kichwa. Wanjira aliogopa, aliogopa kwelikweli, maana akianguka leo hakuna kurudia.

Akili ya mtu akibanwa hukimbilia nyumbani. Yake ilikimbilia jikoni kwa Njue, baba yake, kwenye mutura, ule utumbo mrefu wa mbuzi uliojazwa nyama na damu. Mutura mmoja ukitakiwa uwe miwili, Njue hakuanza na kisu hata siku moja. Alifinya kwanza, akaisukuma nyama huku na huku, akasokota mpaka kuta za utumbo zikagusana, kisha akafunga pande zote mbili. Ndipo kisu kilipopita katikati, na halikudondoka hata tone. Siku Wanjira alipojitia ujuzi akatanguliza kisu, damu ilimrukia mpaka kwenye sare ya shule, na baba yake alicheka hadi akakaa chini.

"Hazikati," Wanjira akasema. "Niliandika vibaya. Ni kama kugawa mutura, ila mkono hufinya kwa nje, na protini huvuta kwa ndani. Duara linazidi kuwa dogo mpaka utando unagusana na kuungana wenyewe. Pande mbili za seli zikiachana, kila upande umeshajifunga."

Profesa alivaa miwani yake, akaandika kwa muda mrefu bila kuinua uso. Mwishowe akamwambia afute neno lile, hukata, na kwamba amepita.

"Na huo mutura," akaongeza, "ulijifunzia wapi?"

Hapo sasa! Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Wanjira ilikuwa imefika miaka minne. Wenzake wote alikuwa amewaambia baba yake ni mfanyabiashara wa ng'ombe. Hata siku mzee alipokuja kumtembelea, na Mukiri akamuuliza mifugo inaendeleaje, Njue alimtazama binti yake kidogo, akajibu kwamba Mungu amejalia. Hakuuliza neno baadaye. Aibu ya siku ile ilikuwa bado inamuuma Wanjira.

Angeweza kusema aliona tu sokoni, na mambo yakaishia hapo.

"Kwa baba yangu," akasema, macho yake yakimtafuta Mukiri. "Anachoma mutura Runyenjes, nyuma ya soko. Hana ng'ombe hata mmoja."