Bunduki ya Chifu Oundo

Etyang alijua bunduki ile ni mgonjwa tangu alipoitikisa mara ya kwanza. Chuma kilicheza ndani ya mti wa kitako chake kama jino linalotaka kung'oka. Alilegeza skrubu mbili, akakitoa chuma, akakipaka masizi ya taa, akakirudisha, kisha akakitoa tena atazame masizi yameshika wapi kwenye mti. Yalishika mahali pawili tu, kila mahali padogo kama ukucha. Kwingine kote chuma kilielea, na mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameulainisha ubao ukawa kama muhogo uliochacha.

Dawa yake aliijua. Jeshini, kule Burma, alikuwa koplo wa kutengeneza silaha. Unakwangua ubao uliooza, unakipaka chuma nta kisinate, unatia gundi ngumu iliyochanganywa na unga wa mbao, halafu unakilaza chuma humo mpaka gundi ikauke. Kikishapata kitanda chake hakitikisiki, na risasi huenda jicho lilikoituma. Gundi alikuwa nayo, mkebe mzima, aliopewa na fundi mmoja wa Tororo.

Lakini ilikuwa Januari 1960, na watu walikuwa wamechoka na kodi. Kila soko kuanzia Tororo mpaka Busia lilinong'ona habari za machifu waliochomewa nyumba. Na mwenye bunduki alikuwa Chifu Oundo, aliyeinunua zamani kwa ajili ya viboko wa mtoni.

"Naitaka Alhamisi," Chifu alikuwa amemwambia, amesimama mlangoni mwa kibanda, kofia mkononi. "Sitaki kuua mtu, Koplo. Wakija, nitapiga kitu kando yao, waone, waogope, warudi makwao. Lakini lazima ipige pale nitakapoelekeza."

"Nimesikia, Bwana Chifu," Etyang alijibu. Hakumwamini hata kidogo. Mwaka uliopita alikuwa amemwona Oundo akimchapa mzee viboko mbele ya mkewe kwa sababu ya kodi.

Jumatano asubuhi akaja Odoi, mkulima wa jirani, ambaye wenye hasira wote walikuwa wanamfuata. Hakuketi. Aliitazama bunduki juu ya meza, vipande vipande.

"Wewe natengeneza hii ya kutuua sisi?"

"Bado sijaamua."

"Amua sasa. Mdogo wako Egau iko na sisi kesho. Unataka Oundo amwone vizuri?"

Odoi alipoondoka, Adeke, mkewe Etyang, ambaye alikuwa akipepeta wimbi uani, aliingia na ungo wake.

"Baba Otai, irudishe kama ilivyo. Mwambie huwezi."

"Nikimwambia siwezi atampelekea Mhindi wa Tororo, naye ataitengeneza."

"Basi itengeneze vizuri. Risasi ikimkosa mmoja haifi njiani. Inampata mwingine."

Etyang aliushika mkebe wa gundi, akauzungusha mkononi, akauweka chini. Bunduki isiyopiga sawa haiui, alijiambia. Vitani alikuwa ameona askari wakipoteza risasi mia bila kumpata adui hata mmoja. Akakirudisha chuma juu ya ubao uleule uliooza, akakaza skrubu mpaka mkono ukamuuma ili kisitikisike, akaupaka mti mafuta ukang'aa. Alhamisi alfajiri aliipeleka. Chifu aliijaribu mkononi, ikatulia, akatabasamu.

"Umenisaidia, Koplo. Mungu akubariki."

Umati ulifika jua likiwa limepanda. Walikuja na mapanga, mikuki na mawe, wakiimba kwa lugha za Ateso na Lusamia. Etyang alikuja nyuma yao, akitafuta kichwa cha mdogo wake. Alimwona mbele kabisa, hatua moja kutoka kwenye mvule mkubwa uliokuwa njia panda ya boma, amesimama kwa kiburi kama jogoo. Kutoka hapo mpaka baraza ya Chifu zilikuwa hatua sitini.

Oundo alitokea barazani, akapiga kelele warudi. Jibu lilikuwa jiwe lililovunja dirisha. Akainua bunduki. Etyang aliona wazi mdomo wa bunduki unakoelekea: ulilenga shina la mvule.

Ikalia. Ganda la mvule lilipasuka juu, karibu na matawi. Watu walicheka. Oundo alivuta komeo la bunduki kutia risasi nyingine, akalenga tena palepale, chini kidogo. Ikalia mara ya pili, na Egau akashika shingo kwa mikono miwili.

Etyang alimfikia akiwa bado anapumua. Damu ilimbubujika katikati ya vidole, ya moto, ikamlowesha Etyang mpaka viwikoni. Egau alifungua mdomo kusema, likatoka povu jekundu tu. Kisha macho yakasimama.

Hapo umati haukuwa tena umati wa kodi. Walimfuata Oundo mpaka chumbani. Etyang alisikia mapanga yakigonga mlango, akasikia mtu akilia, "Nilipiga mti! Nilipiga mti!" mpaka sauti ikakatika. Walimtoa nje wakimburuta kwa miguu. Odoi mwenyewe ndiye aliyemtupia jiwe la mwisho, kubwa, akalirusha kwa mikono miwili, na kichwa kikapasuka. Nyumba ikawashwa, na bunduki ikaungulia ndani.

Polisi walikuja na malori siku ya pili, wakapiga watu, wakawafunga wengi. Odoi walimchukua. Etyang hawakumuuliza chochote. Hakuna aliyejua habari ya gundi isipokuwa Adeke, naye hakusema.

Walimzika Egau Jumapili. Jirani walipokwisha kuondoka, Etyang alimwendea Alungat, mjane wa mdogo wake, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka na mtoto kifuani.

"Shemeji, Chifu alilenga mti. Bunduki ndiyo iliyokosa. Mimi niliiacha mbovu kwa makusudi. Nilidhani nawaokoa."

Alungat alimlaza mtoto mkekani, akainuka, akampiga kofi, kisha la pili, kisha akampiga ngumi kifuani mpaka mikono ikamchoka. Etyang alisimama tu, hakujikinga.

"Toka kwangu," Alungat alisema. "Usirudi mpaka nikuite."

Etyang alitoka. Mvua zilipoanza, Alungat alimtuma Adeke kumwambia kwamba shamba la Egau halijalimwa. Asubuhi iliyofuata Etyang alikuwa huko na jembe, kabla ya jua. Alungat alimletea maji kwenye kibuyu, akakiweka pembeni ya tuta, akarudi nyumbani.