Walevi Wenye Harufu ya Sabuni

Walevi wa Kalemie, mimi njo niliwaponyesha. Munganga Huguette alileta dawa tu. Watu niliwaleta mimi, na dawa bila watu ni unga. Ulizeni popote: hakuna mulevi hata mumoja aliyenishinda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Munganga alitoka Lubumbashi na vidonge vipya vya kuondoa hamu ya lutuku, ile pombe yetu ya mahindi na muhogo ambayo ukiisogezea kiberiti inawaka. Alitaka kuvijaribu kwa walevi wa mutaa wetu. Aliniweka mulangoni mwa kliniki yake, akaniagiza nipokee kila mulevi atakayekuja, hata yule anayetetemeka, nimupe kidonge na sahani ya wali, mpaka nafasi zijae. Bila hivyo, alisema, hatutajua kama dawa ina nguvu. Nikaitika ndiyo, Mama. Lakini niambieni, kocha gani anaingiza uwanjani muchezaji aliyevunjika mguu? Basi nikawa ninanusa mashati. Shati la sabuni, ingia, Papa. Shati la lutuku, nafasi zimejaa, rudi nyumbani. Hivyo benchi letu lilikaliwa na watu wa reli na wazee wa korali, wanaume wanaokunywa bia moja baada ya misa na kuomba musamaha kabla chupa haijaisha.

Asubuhi moja Mama Domitille, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, alimuleta mume wake Floribert, amemushika mukanda kama anayevuta mutumbwi. Floribert alibeba mizigo bandarini mpaka walipomufukuza. Alinuka hata nzi walikuwa wanayumba. Mama Domitille akapiga magoti. Alinionyesha jicho lililofungwa na ufizi usiokuwa tena na meno ya mbele, akaniomba nimuingize, kwa sababu sasa mume wake analala na mupanga chini ya kitanda, na siku moja atamumaliza.

— Mama, nikamuambia, hapa tunaponyesha walevi. Wafu hatufufui.

Benchi lote likacheka. Floribert hakucheka. Alinikaba shingo, akanigongesha kichwa kwenye chuma cha mulango mpaka nikaona ziwa lote linageuka juu chini. Papa Évariste, sauti nzito ya korali, na wenzake wakamuangusha, wakamupiga mateke ya mbavu, wakamuburuta na kumutupa barabarani mbele ya pikipiki ya taxi-moto. Mama Domitille akamuokota, wakaenda. Mimi nikapangusa damu, nikasema: munaona? Mulevi kama huyu angetuharibia dawa.

Na kweli dawa haikuharibika. Miezi ikapita, benchi lote likapona. Wageni wakaja kutoka Kinshasa kuona ajabu hiyo. Munganga alikuwa anawaeleza, uso kama wa bibi arusi, na mimi kando yake nimefunga tai.

Hapo kelele zikaingia mulangoni. Vijana walikuwa wamemubeba Mama Domitille kwenye turubai. Mupanga ulikuwa umemupasua mudomo na bega, na kuondoa vidole vya mukono aliojikinga nao. Nyuma yao watu wa soko walimuvuta Floribert kwa kamba, wakimupiga matofali. Moja likamuvunja taya mbele ya viatu vya mugeni, na Floribert bado alikuwa anacheka, harufu ya lutuku ikimutangulia. Wageni wakapindua viti. Munganga alipiga magoti, akafunga bega kwa kitambaa cha meza, mikono yake myekundu mpaka kwenye viwiko. Bila kuinua uso, aliniuliza kama mulevi huyu aliwahi kuletwa kwetu.

— Hapana, Mama munganga. Simujui. Angekuja, si tungemuponyesha?

Mama Domitille alifungua kinywa, ikatoka damu tu. Papa Évariste akasimama kwenye benchi, kofia mukononi.

— Aliletwa, Mama. Huyu mutoto alimufukuza, na nafasi zilikuwa wazi.

Nikacheka kidogo, nikawaambia wageni wamusamehe muzee, lutuku imemurudia kichwani.

— Lutuku gani, Hénoc? Tangu nibatizwe sijaionja. Wewe njo uliniambia niseme ninakunywa, nipate sahani ya wali.

Munganga akainua uso.