Matone ya Baba Ian

Mimi si mtu wa hasira, hata kama watu wa Kanduyi wanasema hivyo. Lakini hebu niambie wewe. Unaingia choo, unamaliza shughuli yako, unakung'uta mara tatu kama mtu mwenye adabu, unafunga zipu, unaosha mikono, halafu ukipiga hatua nne tu, suruali inaloa. Utacheka? Mimi sikucheka. Mwaka mzima niligombana na suruali zangu, na nikiitwa kikao chochote nasema nina malaria.

Mke wangu Pauline ndiye anafua, kwa hivyo alijua kuna kitu.

"Baba Ian, si uende hospitali?"

"Niende kusema nini? Ati mzee wa miaka hamsini na nane anajikojolea?"

Basi anarudi kufua, mimi nanuna, na siku zinaenda.

Halafu kijana wetu Ian akapata mchumba Kitale. Anaitwa Wacera, binti ya mzee Gikonyo, mkulima wa kabeji. Nilikuwa nimemwona mara mbili na nikampenda sana yule msichana. Ana heshima, na akicheka anacheka kweli kweli. Siku ya mahari ikapangwa iwe Jumamosi, nyumbani kwao, na ndugu zangu wakasema msemaji ni mimi. Hapo malaria haingekubalika.

Nikajiona mjanja. Nikasema nisipokunywa kitu, sitakojoa, na nisipokojoa, suruali itakaa kavu. Kuanzia Ijumaa jioni sikugusa chai wala maji. Tulipofika Kitale midomo ilikuwa imekauka mpaka kusema "hamjambo" ilikuwa kazi.

Sasa, kwa mzee Gikonyo mazungumzo hayaanzi hivi hivi. Msichana mwenyewe analeta uji uliochacha ndani ya kibuyu, anampa msemaji wa wageni. Akinywa, amemkubali msichana na nyumba yao. Asipokunywa, amekataa. Hiyo ya kukataa mimi sikuijua. Kwetu mgeni akikataa chai tunamgombeza kidogo, tunamletea kuku, yanaisha.

Wacera akaja mbele yangu na kibuyu, akakishika kwa mikono miwili.

"Karibu, Baba."

"Asante, binti yangu," nikasema, "lakini leo nimefunga. Niko kwa maombi."

Hema lote la wageni likanigeukia. Shangazi yake mmoja, anaitwa Nyambu, akasema kwa sauti bila kuona haya, "Kufunga siku ya mahari? Kwani anaomba nini, amkose msichana wetu?" Wacera akageuka na kibuyu chake kikiwa kimejaa, akaenda jikoni.

Ian akaniinamia sikioni. "Dad, umefanya nini sasa? Si ungekunywa tu! Wanasema hatumtaki juu yeye si Mbukusu kama sisi."

Haki ya Mungu, niliogopa. Na unajua hofu ilileta nini? Mkojo! Pamoja na ukavu wote ule. Nikaomba ruhusa, nikakimbilia choo cha nje, nyuma ya zizi la ng'ombe. Nikamaliza, nikakung'uta, nikatoka. Hatua ya nne, hiyo hapo, alama kubwa kama mandazi kwa suruali yangu ya kijivu. Nikainua macho, nikamkuta mzee Gikonyo amesimama mbele yangu. Alikuwa amenifuata na hasira zake, unaziona usoni. Akaangalia uso wangu, akaangalia suruali, hasira zikamwisha.

"Muthoni," akaniita, yaani mkwe kwa lugha yao, "hayo ndiyo maombi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamfokea. "Niache, mzee! Ni ugonjwa!"

"Ugonjwa gani? Mimi nimeteseka hivyo miaka miwili. Nilivaa koti refu hata jua likiwaka, mpaka nesi mmoja akanifungua macho. Sikiliza. Ukimwagilia kabeji halafu ufunge mfereji, si kuna maji inabaki ndani ya ule mpira mrefu? Ukiinua mpira, inakumwagikia kwa viatu. Mwili wa mwanaume uko hivyo. Ule mrija una kona, na mkojo kidogo unabaki pale. Tukizeeka misuli inalegea, haiusukumi wote. Ukianza kutembea, unatoka."

"Na mimi nakung'uta!"

"Kung'uta mpaka kesho, ile ya kwa kona haitoki. Ukimaliza, ngoja kidogo. Weka vidole nyuma ya korodani, finya polepole ukileta mbele. Rudia mara mbili, tatu. Rudi ndani ujaribu."

Nikarudi. Nikafinya. Matone yakatoka pale yanapotakiwa kutoka, chooni, na kwa furaha nusura nipige makofi.

Nilipotoka bado alikuwa na maneno. "Kila siku fanya mazoezi pia. Bana ile misuli ya chini, vile unazuia upepo ukiwa kanisani, halafu achilia. Na unywe maji, wewe! Lakini ukiona damu, ama kunauma, ama mkojo unatoka kwa shida, hiyo si ya kungoja, ni ya daktari."

"Asante, mzee. Sasa tufanyeje?"

"Waambie maombi yamekwisha. Mimi sitasema kitu." Akaangalia upande wa jikoni. "Lakini msichana wangu analia huko jikoni. Hiyo siwezi kukusaidia."

Ningeweza kudanganya mara ya pili. Lakini yule msichana angekuja kwetu akijua siku ya kwanza nilimkataa mbele ya watu, na hakuna mtu angemtoa hiyo moyoni. Shida, kwetu Bukusu baba mkwe hasalimiani hata kwa mkono na mke wa mwanawe. Kumwambia mambo ya suruali, ng'o!

Niliingia jikoni hivyo hivyo, na alama yangu. Wanawake wakashtuka, Nyambu akaangusha mwiko. Wacera alikuwa amekaa kwa kigoda, macho mekundu.

"Binti yangu," nikasema, "nilidanganya, sijafunga. Nikitoka choo suruali inaloa. Niliogopa kunywa, nisiaibike mbele yenu. Ona mwenyewe."

Wacera akaona, akajifuta macho kwa leso.

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama. Hata kidogo si wewe."

Akasimama, akachukua kibuyu, akanishikisha kwa mikono yangu miwili.

"Basi kunywa yote, Baba," akasema, na kicheko kilikuwa kimeanza kumponyoka. "Choo si mbali."

Nilikunywa pale pale jikoni, mbele ya wanawake wote, na nikaomba kingine.