Jibu la Mlangoni

Katika kibanda cha video cha Mzee Abdullah hapa Mbarara, mdomo wa filamu zote nilikuwa mimi, Nasuru. Mwaka ule wa 1988 watu hawakuja kuwatazama Wazungu kwenye skrini, walikuja kunisikiliza. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini nikishika maikrofoni hata bubu alisema. Askari wa kambini walijaza mabenchi, nami niliwapa Kiswahili chao.

Tulikuwa na kanda moja ya zamani ya viumbe wa angani. Chombo kinatua shambani, kinatoka kiumbe kirefu, kinainua mkono. Mkulima anaweka bunduki chini, naye anainua wake. Wanasimama hivyo muda mrefu bila neno. Mimi na kimya hatuelewani, kwa hiyo nilinguruma, "Mimi adui! Nakuja maliza nyinyi yote!"

"Piga yeye!" askari walipiga kelele.

Mwishoni kiumbe kinaondoka bila kudhuru hata kuku, lakini nani alijali?

Mlangoni alikaa Zainah, binti wa Mzee, akikusanya tiketi. Nilikuwa nimeshamdokeza mjomba wangu aende kuniposea kwa Mzee, sikukuu ya Idi ikipita. Zainah mwenyewe sikuwa nimemwambia. Niliona sauti yangu inatosha.

Kisha Mzee akatupeleka Nakivale na jenereta, kuonyesha kanda ile mchana katika darasa moja la kambi ya wakimbizi, blanketi madirishani. Mwenye darasa alikuwa mwalimu Karera, Mnyarwanda aliyeletwa huko akiwa mtoto mgongoni. Mwembamba, shati limefifia kola. Sikumhesabu kitu.

"Mimi adui!" nilianza. Hakuna aliyepiga benchi. Watoto walijificha nyuma ya mama zao.

Karera akasimama. "Samahani, kaka. Huyu si adui. Ni mugeni. Angalia mikono yake, haina kitu."

"Baba, mpe yeye aseme," Zainah akasema kutoka mlangoni. Hivi hivi, mbele ya watu!

Karera akashika maikrofoni yangu akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikatamani kumfinya. Mkono wa kiumbe ulipoinuka, akasema polepole, "Amakuru?" Ndivyo Wanyarwanda wanavyoulizana habari.

"Ni meza!" darasa zima likajibu, yaani njema.

Mkono ukainuka tena. Kiumbe kikauliza habari za watoto, kisha za ng'ombe, na kila mara wakajibu ni njema, wakicheka. Mwanamke mmoja alikuwa anajifuta macho kwa khanga. Zainah alikuwa ameacha tiketi zake, amesimama kwa ncha za vidole ili aone. Miaka mitatu nimenguruma mbele yake, hajawahi kunisimamia vile.

Njiani kurudi akasema, "Mwalimu ametafsiri vizuri."

"Ametafsiri nini? Kile kiumbe hakijafungua mdomo!"

"Na wewe ulikuwa unatafsiri nini?"

Mzee Abdullah alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliona wivu, sifichi. Wivu wa kunikosesha hamu ya chakula. Hasa pale Zainah alipoanza kufuatana na baba yake kila anapopeleka bidhaa za duka lake Nakivale, mara chumvi imekwisha huko, mara sabuni. Sijaona watu wanaomaliza chumvi haraka namna ile.

Nikaamua kumwibia mwalimu mbinu yake. Jumamosi moja alasiri niliiweka kanda ile ile, kibanda kimejaa. Kiumbe kilipoinua mkono, nikanyamaza. Nilitokwa jasho, lakini nikanyamaza. Kisha nikauliza habari kwa upole, kwa Kinyankole cha hapa kwetu, "Agandi?"

Vichwa vikanigeukia.

"Nasuru, leo unaumwa?" akauliza Sajini Tumusiime, yule aliyekuwa wa kwanza siku zote kusema piga.

Mkono ukainuka tena. "Agandi?"

Sajini akajikuna shingo. "Ni marungi," akajibu, yaani njema. Mwenzake akajibu, kisha benchi la nyuma, kisha kibanda kizima, askari wazima wakimwitikia kiumbe salamu kama jirani aliyepita uani. Moyo wangu ulijaa. Nimemweza mwalimu, nilijiambia, na mjomba ataenda wiki hii hii, hatungoji Idi.

Nikageuka kumtafuta Zainah. Alikuwa mlangoni, macho kwenye skrini, kiganja chake kimeinuliwa kama cha kiumbe. Sauti zote zilipokwisha, akajibu peke yake, taratibu, bila kunitazama.

"Ni meza," akasema.