Mianzi ya Tozammel

Rui, samaki wetu mkubwa, alijikuna tena. Nilikuwa kwenye ngazi za bwawa nikisugua sufuria, nikaona ubavu wake ukimeta chini ya maji. Aliupitisha kwenye mwanzi uliokitwa majini, akageuka, akaupitisha ubavu wa pili, kisha akaruka juu na kujibwaga kwa kishindo kilichowatawanya bata. Samaki mzima haruki hivyo mchana kweupe.

"Anwara!" Mama mkwe aliita kutoka barazani, tambuu shavuni. "Samaki wa mumeo anajikuna kuliko mbwa wa sokoni!"

"Nimemwona, Mama."

"Umemwona, halafu?"

Nikarudi kwenye sufuria yangu. Huyo alikuwa samaki wa Tozammel, na kijiji kizima kilijua. Kabla ya kwenda Malaysia kufanya kazi kwenye mashamba ya michikichi, mume wangu alimwaga vifaranga vya rui bwawani, akaniambia kwamba akirudi nimpikie mmoja kwa haradali, mzito kama mtoto wa kubeba. Wengine tumewala na kuwauza. Huyu nilimtunzia. Kila wavuvi wanapokuja kuvuta wavu, mimi mwenyewe humtoa wavuni na kumrudisha majini, nao hunitania: "Shemeji, huyo atazeeka mpaka aote ndevu!" Nami hucheka pamoja nao, maana nisipocheka nitalia mbele ya wanaume.

Na mianzi pia ilikuwa ya Tozammel. Aliikita wiki ileile, msuli umefungwa juu, maji yakimfika kifuani, ili wezi wasiweze kuburuta nyavu zao humo. Alikuwa akiimba, na sauti yake, Mungu amsamehe, ni ya bata mwenye mafua. Mimi nilikuwa ukingoni nikimpa mianzi, na kila alipopokea mmoja aliushika pamoja na mkono wangu. "Usiiguse mpaka nirudi," alisema. Sikuigusa. Mianzi ya majirani hung'olewa na kusimamishwa upya kila mwaka; yangu iliota ukoga hapohapo ilipo. Nampenda yule mtu jamani, nifanyeje? Alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji, mwanzi wa mwisho husimama kama mtu, na kila siku moyo wangu hudanganyika.

Dawa tulikuwa tumetia, tena zaidi ya mara moja. Chawa wa samaki walikufa, tukashukuru, baada ya muda wakarudi. Ndipo tukamwita bwana samaki wa wilaya, kijana mmoja mpole aitwaye Dulal. Tulimtega rui kwa wavu, naye akamshika kwa kitambaa kilicholowa na kumgeuza. Pembeni mwa mapezi palikuwa na vidonda vyekundu. Akabandua kitu kwa ukucha na kukiweka kiganjani: kidude bapa, cheupe kama gamba, kikitembea.

"Dawa inawaua hawa," alisema. "Mayai haiyawezi."

"Mayai yako wapi?" Mama aliuliza.

Dulal aliutikisa mwanzi uliokuwa karibu na ukingo, akaung'oa na kuulaza miguuni petu. Sehemu iliyokuwa majini ilikuwa imejaa safu za utando, kama maji ya wali yaliyokaukia kwenye chungu. "Hapa ndipo wanapotaga. Samaki anakuja kujikuna, anaondoka na wapya. Ng'oeni yote, ianikeni mpaka ikauke kabisa. Baadaye mkiirudisha haina neno, ili mradi muwe mnaitoa na kuianika. Mkiiacha hivi, mtaanza kuokota samaki wanaoelea, na huyu mkubwa ndiye wa kwanza."

Mama alinitazama. Nami nikasema, "Nitamuuliza mwenyewe kwanza."

"Mwenyewe yuko Malaysia. Chawa wako hapa."

"Nitamuuliza, Mama."

Nisifiche: nilifurahi kupata la kumuuliza. Mazungumzo yetu ya simu yalikuwa yamepungua hadi umekula, nimekula, Mama mzima, mzima. Ijumaa alipopiga nilikwenda nyuma ya jiko nikae naye peke yangu. Nilimweleza habari za chawa, vidonda na mayai. Nilikuwa nimepanga maneno tangu asubuhi. "Sasa ile mianzi," nikamaliza, "unaniruhusu niitoe?"

Kwake kulikuwa na kelele za mashine. "Mianzi gani?"

"Uliyoikita bwawani. Ulisema isiguswe mpaka urudi."

Alijitahidi kukumbuka. Nilimsikia akijitahidi. "Aa, ile! Mpaka leo ipo?" Akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Itoe tu, Anwara. Kwani ilikuwa ya dhahabu?"

Tukaulizana tumekula nini. Alipokata, nilibaki nimeshika simu sikioni kama mjinga.

Kesho yake niliingia majini. Tozammel yalimfika kifuani. Mimi yalinifika kidevuni. Mama alishika ncha ya sari yangu kutoka kwenye ngazi, kama ameshika kamba ya mbuzi, akinikaripia nisije nikamfia. Nilikumbatia kila mwanzi na kuutikisa mpaka matope yakauachia. Wa mwisho ulikataa. Niliuegemezea shavu, maji yakiniingia mdomoni, nikalia kwa sauti. Mama aliendelea tu kushika sari, mpaka nao ukaachia.

Tuliianika uani. Ukoga ukakauka, ukabanduka. Tukatia dawa tena. Na kila asubuhi rui alikuja mahali palepale, akapitisha ubavu kwenye maji matupu, akageuka, akapitisha ubavu wa pili. Nilishindwa kumtazama.

Vidonda vyake vilipoanza kufunga, nilibeba mianzi kuirudisha. Mama aliniuliza, "Unaisimamisha alipoisimamisha yeye?"

"Hapana. Ninapofika mimi."

Niliingia mpaka maji yakanifika kiunoni, mahali ninapoweza kuingia na kutoka bila kushikwa sari, nikaanza kuikita. Rui alipita karibu, akanigusa mguu, akaenda zake. Nilikuwa nimekumbatia mwanzi wa mwisho, umeingia nusu tu, simu ilipolia barazani. Haikuwa Ijumaa.

"Anwara!" Mama alikuja mbio, kanga ya kichwa imemwanguka, simu ameinyoosha mbele kama kaa la moto. "Ni Tozammel! Anasema amekumbuka! Anasema ulikuwa umevaa sari ya kijani, ukimpa mianzi! Toka, toka haraka!"

Kweli ilikuwa ya kijani. Miguu yangu ilitaka kukimbia, nami nilitaka kuiachia. Lakini mwanzi ulikuwa umeanza kulala upande mikononi mwangu.

"Mwambie asikate, Mama," nilisema, nikaukandamiza kwa uzito wangu wote. "Mwambie anisubiri kidogo."