Rambirambi kwa Kiwiko cha Bong Si-hu

Ijumaa aliporudi kutoka uwanjani, Pyo Deok-sun hakuvua hata viatu. Alipita moja kwa moja hadi kwenye meza ya kufungia maua, akachukua mkasi wa kukatia mashina, akaitandaza jezi yake ya Korongo, timu ya besiboli ya mji wake, na kulikata jina lililoandikwa mgongoni. Lilikuwa jina la Tak Jong-mun, mrushaji aliyempenda tangu ujanani. Huyo ndiye aliyewaletea Korongo kombe lao la mwisho, na sasa ndiye kocha wao mkuu. Alikata herufi moja moja, na kila iliyoanguka sakafuni aliisindikiza na tusi lake. Alipomaliza, jezi ilikuwa na tundu linalopitisha kichwa cha mtoto.

Hasira hiyo haikuwa ya kufungwa. Mtu aliyeshabikia Korongo wa Haesan kwa zaidi ya miaka thelathini hakasirikii kufungwa, maana angekuwa amekufa zamani. Hasira ilikuwa ya kiwiko. Bong Si-hu, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mrushaji anayeingizwa mwishoni kulinda ushindi, alikuwa ameitwa kurusha Jumanne, akaitwa Jumatano, akaitwa Alhamisi. Ijumaa akaitwa tena. Katika mpira wake wa tano, uwanja mzima uliona mkono wake wa kulia ukining'inia. Kijana akapiga magoti juu ya kilima cha mrushaji, akaushika mkono ule kama mtu aliyebeba kitu cha mwenzake.

"Muuaji!" Deok-sun alimpigia kocha kelele siku hiyo mpaka koo likawasha.

Na sauti anayo. Jukwaani kila mtu anamjua. Kiongozi wa ushangiliaji ana kipaza sauti na ngoma, lakini jina la mchezaji halianzi kuitwa mpaka mama yule wa maua aliite kwanza. Yeye akisema mara moja, jukwaa linamjibu mara tatu. Hajawahi kulipwa wala kuombwa. Ni kazi aliyojipa, naye anaionea fahari kuliko duka lake la maua.

Duka lenyewe liko mkabala na hospitali kuu, na ndani ya hospitali hiyo kuna kumbi za misiba, kwa hiyo wateja wake wengi ni wafiwa. Anafunga yale mashada marefu ya maua meupe yanayosimama juu ya miguu ya mbao, yenye tepe mbili zinazoning'inia: wa kulia una maneno ya rambirambi, wa kushoto una jina la aliyeleta. Lakini watu wa Haesan, na nchi nzima kwa jumla, wana matumizi mengine ya mashada hayo. Wakichukizwa na mkubwa fulani, wanampelekea maua ya msiba mlangoni. Hakuna anayepigwa wala kioo kinachovunjwa. Mkubwa anaamka asubuhi, anakuta amewekewa matanga.

Jumamosi asubuhi Gil Tae-uk akaingia dukani. Alikuwa muuza bima, mwenyekiti wa kundi la mashabiki, kijana mwenye mdomo usiochoka.

"Mama mdogo, umelala?"

"Nilale nina amani gani? Wewe umelala?"

"Mimi nililala na simu. Watu wanataka mashada. Thelathini na kitu mpaka sasa, na bado wanaandika. Tunayapanga lango kuu la uwanja, pale basi la wachezaji linapopita. Tak Jong-mun ashuke ayaone, akose hata pa kupitisha lile tumbo lake."

"Na maneno?"

"Kila mtu ana yake. Huyu anasema, 'Buriani akili za kocha.' Huyu wa kiwanda cha samaki anasema, 'Pumzika kwa amani, mpira wa Haesan.' Mwingine kaandika matusi matupu, sijui kama utepe utavumilia."

Deok-sun alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. "Utepe unavumilia, kijana. Tatizo ni polisi."

"Basi na wewe tupe lako. Wewe ndiye fundi."

Aliwaza huku akichomeka maua kwenye sifongo. Kisha akaandika kwa brashi, kwa mkono wake mwenyewe, maana mashine ya kuchapa tepe aliiachia maneno ya watu wasiojua kukasirika: *Rambirambi kwa kiwiko cha Bong Si-hu, kimefariki kikiwa na miaka ishirini na mmoja.* Tae-uk alisoma, akapiga picha.

"Mama mdogo, hili linakwenda katikati."

Kufikia mchana mashada yalikuwa yamesimama mbele ya lango kuu kama wafiwa waliopanga mstari, na la katikati ndilo kila mtu alilipiga picha. Lilionyeshwa kwenye taarifa ya habari ya jioni. Deok-sun alitazama akiwa na bakuli la supu mkononi, na wala hakuona aibu kujisifu. "Mwandiko wangu huo," aliiambia televisheni. "Soma, nguruwe wewe. Soma vizuri."

Jumapili asubuhi mwanamke mmoja alisukuma mlango wa duka. Alikuwa na koti zito la shambani, vidole vyenye harufu ya vitunguu saumu, na macho mekundu. Deok-sun aliwazoea watu wa sura hiyo. Alifuta mikono, akainamisha kichwa, akashusha ile sauti yake kubwa.

"Pole sana, dada. Marehemu ni nani wako?"

"Ni mwanangu," yule mwanamke akasema. "Ila hajafa. Nimekuja kuuliza nani kamwandikia kifo."

Deok-sun hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa furaha.

"Mama Si-hu! Karibu, karibu ukae. Sisi sote tuko na wewe. Tumeanza kumshughulikia yule—"

"Sikai. Bibi yake jana alionyeshwa picha kwenye simu ya jirani. Macho yake hayaoni vizuri. Aliona maua meupe na jina la mjukuu wake, basi. Alianguka jikoni. Binamu zangu walinipigia kuuliza mazishi ni lini. Mimi niko wodini na mwanangu, ananitazama, na simu inaniuliza mazishi ni lini! Unajua kuna watu walikwisha panda basi?"

"Lakini utepe unasema kiwiko," Deok-sun alisema, na maneno akayaona ya kijinga yakiwa bado mdomoni. "Ni kumsema kocha, mama Si-hu. Tunamtetea mtoto."

"Mnamtetea."

"Huyo Tak kamchosha mpaka kamvunja! Siku nne! Nani angenyamaza?"

Mama Si-hu alimtazama kwa namna ya mtu anayesikiliza wimbo anaoujua. "Ni wewe," akasema. "Nilikuwa nikijiuliza sauti hii nimeisikia wapi. Ijumaa nilikuwepo. Alikuwa ameniahidi kwamba harushi, tungekwenda kula wote. Mkono ulikuwa umevimba, alinionyesha. Kipindi cha tisa, cha mwisho, mnaongoza kwa moja, amekaa kwenye benchi na koti lake. Kocha hakuwa amemtazama hata. Halafu nyuma yangu, juu kidogo, mwanamke akapaza sauti: Bong! Si! Hu! Mmoja tu. Halafu ninyi wote."

"Lakini kocha ndiye—"

"Usiniambie kuhusu kocha. Yule nitamchukia mpaka naingia kaburini, tena nikifika huko nitaendelea. Lakini yeye ni mmoja. Aligeuka, akawatazama, akawaona mnavyotaka, akanyoosha kidole kwa mwanangu. Ninyi mlikuwa wangapi? Nimemuuliza Si-hu, kwa nini hukusema unaumwa? Unajua kanijibu nini? 'Mama, wakiita jina langu, mkono hauumi.'"

Deok-sun alianza kupanga upya maua yaliyokuwa yamepangwa tayari.

"Liondoe jina la mtoto wangu pale," mama Si-hu akasema, akatoka. Mlango hakuubamiza. Aliufunga taratibu, na hilo lilimuumiza Deok-sun zaidi, maana kama angeubamiza angekuwa na kitu cha kukasirikia.

Alikasirika hata hivyo. Aliikasirikia ndoo ya maji, akaipiga teke. Alimkasirikia mama yule, akamwita mshamba asiyejua mpira, kisha akajikasirikia kwa kumwita hivyo. Alimtukana Tak Jong-mun kwa mazoea, lakini tusi lilitoka jepesi, halikufika popote. Alikumbuka Ijumaa vizuri kuliko alivyotaka. Alikumbuka koti. Alimwona kijana akiwa na koti begani, akasema moyoni, mwinueni huyo, atumalizie. Wala hakufikiri zaidi ya hapo. Alivuta pumzi na kuita.

Alifika lango kuu saa moja kabla ya mechi. Tae-uk alikuwa pale na wenzake, wakila kuku wa kukaanga kwenye ndoo ya karatasi. Deok-sun alipita kati yao, akakata tepe zote mbili za shada la katikati, akazikunja na kuzitia mfukoni.

"Mama mdogo! Unafanya nini? Hilo ndilo shada letu!"

"Mama yake amekuja dukani. Bibi yake alidhani amekufa."

"Basi tumwombe radhi, tumpelekee matunda. Lakini ukiliondoa leo, kampuni yenye timu itasema tumerudi nyuma. Ndicho wanachokitaka!"

"Tae-uk, Ijumaa nani alimwita Si-hu?"

"Kocha!"

"Kabla ya kocha."

Tae-uk alikuwa na paja la kuku mkononi. Alilitazama. "Mama mdogo, hiyo ni kushangilia. Tunalipa kiingilio, tunashangilia. Tusipoita majina tutafanya nini, tusali?"

Wenzake wakacheka. Deok-sun alitoa utepe mpya aliokuja nao, akaufunga pale pale ulipokuwa ule wa zamani. Uliandikwa kwa brashi: *Na mimi nilimwita.* Kwenye utepe mwingine, wa kushoto, aliweka jina lake kamili na la duka, yeye peke yake katika mstari ule wote, maana mashada mengine yaliletwa na Mashabiki Wenye Hasira. Watu waliokuwa wakiingia walisimama kuusoma. Mmoja alisema ni mafumbo, anamsema kocha kwa mzunguko. Mwingine akasema ni tangazo la duka. Wakapiga picha, wakaenda kununua bia.

Angeweza kurudi nyumbani. Lakini alikuwa na tiketi, na miguu yake haijui njia nyingine siku ya Jumapili. Alikaa mahali pake na jezi yake yenye tundu. Korongo walicheza vizuri, kwa ukaidi, kama wanavyofanya kila unapotaka kuachana nao. Kipindi cha tisa kikaanza, wanaongoza kwa moja.

Kwenye benchi alikuwepo Noh Gyeol, mtoto wa miaka kumi na tisa. Ijumaa ndiye aliyeingia badala ya Si-hu. Jumamosi alirusha vipindi viwili. Sasa alikuwa amekaa, koti limefunika bega la kulia, na barafu imefungwa kwenye mkono kwa kitambaa. Tak Jong-mun alisimama ameegemea uzio, mikono kifuani, akitazama uwanja.

"Mama mdogo," Tae-uk akamgusa. "Anzisha."

"Simwiti."

"Gyeol yuko pale! Mpigaji wao anayekuja ni wa mkono wa kulia, Gyeol anamla mzima mzima. Anzisha!"

"Mtoto ana barafu mkononi, Tae-uk. Una macho?"

Safu ya mbele waligeuka kumtazama. Hata mpiga ngoma alitazama juu, fimbo zikiwa hewani, akimngoja kama alivyomngoja miaka yote. Deok-sun alifumba midomo. Kimya kile kilidumu kidogo, na kwa kidogo hicho alidhani kinaweza kutosha. Halafu mwanamume mmoja mlevi, safu za chini kabisa, akapaza sauti ya kukwaruza: "Noh! Gyeol!"

Uwanja ukamjibu. Mara tatu, kisha ngoma, kisha mara tatu tena. Watu walewale waliopanga maua ya msiba langoni walisimama juu ya viti wakipiga makofi. Tak Jong-mun akageuza kichwa na kuwatazama.

Deok-sun akainuka. "Mwacheni!" akapiga kelele. "Mwacheni akae! Mjinga wewe Tak, usimguse! Gyeol, kaa chini! Kaa chini, mwanangu, usituangalie!" Alitumia sauti yote aliyokuwa nayo, ile ya zaidi ya miaka thelathini, mpaka mishipa ya shingo ikasimama na machozi ya hasira yakamtoka. Ngoma ilimeza kila neno. Kilichobaki juu ya kelele za wengine kilikuwa ukali wa sauti tu, na jina Gyeol.

Kocha akanyoosha kidole. Mtoto akafungua kitambaa cha barafu, akavua koti, akaanza kukimbia kuelekea kilimani, na usoni alikuwa anatabasamu.

Tae-uk akamkumbatia Deok-sun begani, akamtikisa kwa furaha.

"Hiyo ndiyo sauti, mama mdogo!" akamwambia sikioni. "Nilijua tu huwezi kutuangusha!"